Nina miaka 64, nimeposwa, na wanangu wamenisusa

Shangazi, asalaam aleikum. Sijui nikuamkie shikamoo au ningoje uniamkie wewe, maana nina miaka 64 na umri wako siujui, basi chukua zote mbili tusigombane.

Mi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha shule za msingi miaka 36 mpaka nikatimiza 60 nikarudisha chaki. Naishi Tanga mjini, Ngamiani, huku kwenye barabara za namba, namba yenyewe sitaji maana nikiitaja tu watu wataijua nyumba kabla sijamaliza sentensi. Mume wangu alifariki miaka 9 iliyopita, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema na sitaki mtu asome hapa akadhani naandika kwa sababu alinitesa. Hakunitesa. Tulijaliwa watoto wanne. Wa kwanza wa kiume yupo Dar, wa pili wa kike yupo Muscat na mumewe, wa tatu wa kike yupo Arusha, na kitinda mimba wa kiume naishi nae hapahapa, yeye na mkewe na mtoto wao.

Sasa miaka miwili iliyopita nilikuwa kliniki ya sukari. Pale nje kuna benchi la mbao, lile refu ambalo ukikaa ncha ya huku na mwenzio ncha ya kule, mmoja akinyanyuka ghafla upande wa mwenzie unapinduka. Basi nesi akaita jina la mzee mmoja, mzee akanyanyuka, mi nikaenda chini na kadi yangu na chupa ya maji na miwani na heshima zangu zote za ualimu. Watu wakacheka. Yule mzee akarudi, akaniinua, akaniokotea miwani akaifuta na shati lake, na wakati anahangaika na mimi nesi akaita mwingine, kwa hiyo akapoteza namba akakaa tena mpaka saa nane mchana. Hakulalamika hata kidogo. Akaniambia "Mwalimu, leo nakaa katikati ya benchi". Nikamuuliza umejuaje mi mwalimu, akasema umeanguka lakini kalamu nyekundu haijatoka mkononi. (Nilikuwa nasahihisha daftari la mjukuu.)

Ndo ikaanza hivyo. Ana miaka 70, alikuwa fundi wa reli, mkewe alifariki miaka 5 iliyopita, ana kwake Muheza na kishamba cha michungwa. Kila tarehe ya kliniki anakuja na chungwa moja. Moja tu Shangazi. Anatoa kisu kidogo mfukoni analimenya ganda linatoka utepe mmoja mrefu halikatiki kama wale vijana wa stendi, halafu analikata, nusu yangu nusu yake, kwa sababu wote tuna sukari na tumeambiwa tule kwa kipimo. Mi nimekula machungwa ya Muheza toka nazaliwa ila sikuwahi kusubiri nusu chungwa mwezi mzima kama mtoto anasubiri Idi.

Halafu kuna usiku mmoja. Nilichoma sindano yangu nikapitiwa sikula, kulikuwa na kisomo kwa jirani nikachelewa kurudi, mwanangu yupo kazini zamu ya usiku, mkewe kaenda kwao na mtoto. Saa tatu hivi nikaanza kutetemeka, jasho linanimwagika, macho hayaoni vizuri, nikawa nabonyeza simu bila kujua nampigia nani. Ikaenda kwake. Hata sikuongea vizuri lakini akajua. Akaniambia Mwalimu nenda jikoni, weka vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, koroga, kunywa, usikate simu. Nikawa namsikia tu anasema koroga, koroga. Salio lake likaisha, akapiga na simu ya jirani yake. Alikaa na mimi kwenye simu mpaka nikapata nguvu nikala wali uliolala, na asubuhi nafungua mlango namkuta barazani, kaja na gari la kwanza kutoka Muheza.

Mwezi wa tatu uliopita akatuma wazee wawili kwa kaka yangu Pangani kuleta posa. Kaka alifurahi mpaka akaniuliza mbona nimechelewa. Mi nikaridhika. Lakini watoto walikuwa hawajui, nilikuwa naona haya nitaanzia wapi, wakasikia kwa watu kabla sijawaambia mwenyewe.

Shangazi, hapo ndo pakawaka moto. Kwenye grupu letu la WhatsApp la familia mkubwa akaandika "Mama, mimi ndo walii wako na mimi siozeshi." Kwisha. Wa Muscat akatuma sauti ya dakika 6, analia na kunisema humohumo, kwamba wakwe zake watamuonaje, kwamba baba hata kaburi halijapoa (miaka 9!), kwamba mzee wa miaka 70 hatafuti mke anatafuta nesi. Wa Arusha hakusema kitu, akatoka tu kwenye grupu. Kitinda mimba hapa ndani anakula chumbani kwake, akinipita ukumbini anaangalia simu. Aliyeniunga mkono ni mkewe peke yake, tulikuwa jikoni nakuna nazi akaja akaniinamia sikioni kama anaiba kitu, "mama, we olewa".

Na neno kubwa kwao ni nyumba. Wanasema huyo mzee anaitaka nyumba ya baba. Nyumba tulijenga wote mimi na marehemu, mshahara wangu umeingia humo kwenye bati na saruji, ila hati ina jina lake, na mirathi mpaka leo haijagawanywa, kila mwaka tunasema Idi hii tutakaa, hatukai. Na kweli tulikuwa tumepanga mzee ahamie hapa kwangu kwa sababu ya kliniki.

Mkubwa ananiambia kama ni upweke watanitafutia dada wa kazi. Au nikae na huyo mzee "kama marafiki tu" bila ndoa, eti ndoa ya nini umri huu. Mtoto niliyempeleka chuo mwenyewe ananiambia hivyo!

Nifanyeje? Niwasikilize wanangu niache, au niendelee? Na kuna jingine naona haya hata kuandika. Miaka 9 sijakaa na mwanaume, na mwili ndo huu wa uzee na sukari. Sijui kama bado kuna kitu. Mkwe wangu ndo ananiandikia hii barua kwenye simu, sehemu hii nimemnyang'anya nimeandika mwenyewe.

Mwalimu wa Ngamiani, Tanga


SHANGAZI ANAJIBU

Waaleikum salaam Mwalimu, na shikamoo, maana mi mdogo wako nina 58, za kwako zote mbili nakurudishia.

Kwanza hongera. Hongera sana tena sana. Nimeona umeandika barua ndefu yote hii na hakuna mtu hata mmoja kwenye hiyo familia aliyekwambia hongera zaidi ya kaka wa Pangani na mkwe, basi chukua na ya kwangu. Barua nyingi zinazokuja hapa ni za mabinti wanaoulizia mwanaume ambaye hajapokea simu siku nne, na wewe umepata mtu aliyeishiwa salio akaazima simu ya jirani. Nimeisoma ile sehemu ya koroga koroga mara tatu, mara ya tatu chai yangu ikapoa.

Jibu langu fupi ni hili. Olewa. Ila sio ndani ya nyumba hiyo, na sio kabla mirathi haijagawanywa. Sasa nieleze kwa nini, na kuna mahali nitakugombeza na wewe pia.

Tuanze na huyu mkubwa wa Dar na uwalii wake. Mwambie kwa upole kwamba kaingia darasa ambalo sio lake. Huku pwani wengi wetu tunafuata madhehebu ya Shafii, na kwa Shafii mtoto wa kiume hamuozeshi mama yake kwa sababu tu ni mtoto wake. Yapo madhehebu mengine yanayompa mtoto nafasi hiyo, labda huko ndo kaisikia, mi simlaumu, lakini kwa kwetu walii anaanza baba yako, kisha babu mzaa baba, kisha kaka yako wa baba na mama, kisha kaka wa kwa baba, kisha watoto wao wa kiume, ndo tunafika kwa ami. Kwa hiyo walii wako ni huyo kaka wa Pangani aliyekuuliza mbona umechelewa. Hakikisha kitu kimoja tu, awe kaka wa kwa baba, maana kaka wa kwa mama peke yake hata akupende vipi sio walii. Na wewe ni mjane, sio mwali. Mwali akiulizwa akinyamaza imehesabiwa kakubali, mjane anasema kwa mdomo wake. Wala hata kaka hawezi kukulazimisha wala kukuzuia bila sababu, akikuzuia hivihivi shauri linakwenda kwa kadhi. Nenda kwa sheikh wako wa mtaa akuthibitishie haya mbele ya mwanao, yakitoka kwangu atasema Shangazi kalipwa.

Na serikali nayo haipo upande wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inasema mwanamke aliyefiwa na mume yupo huru kuishi anapotaka, na yupo huru kubaki mjane au kuolewa na mtu aliyemchagua mwenyewe, hata kama mila inasema vingine. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Wewe umekaa miaka 9. Binti wa Muscat anayesema kaburi halijapoa mkumbushe hesabu, ulimfundisha mwenyewe.

Na kama mtu anakwambia ni aibu mwanamke mwenye watoto kuolewa tena, kamuulize habari za mama yetu Ummu Salama. Alifiwa na mumewe Abu Salama akabaki na watoto, na Mtume alipomposa akajieleza bila kuficha, kwamba umri umekwenda, kwamba ana wivu, kwamba ana watoto. Akajibiwa kwamba yeye Mtume ni mkubwa zaidi wa umri, wivu atamuombea kwa Mungu umuondoke, na watoto ni wa Mungu na Mtume wake. Watoto hawakuwa sababu ya kukataliwa, walipokelewa. Mi hii habari naipenda sana kwa sababu ni mwanamke mtu mzima anataja mashaka yake moja moja, na mwenzie anamjibu moja moja.

Haya, tuje kwenye nyumba, maana ukiwasikiliza vizuri wanao, wanaanza na heshima ya baba, wanapita kwa wakwe wa Muscat, lakini wote wanashukia kituo kimoja, nyumba. Na mimi hapo siwacheki. Miaka 9 mirathi haijagawanywa ni kosa lenu wote, na wewe mkubwa wao umo. Mali isiyogawanywa inamfanya kila mgeni aonekane mwizi.

Hebu tupige hesabu, mwalimu kwa mwalimu. Kwanza kile ulichoweka wewe, hizo bati na saruji za mshahara wako, zungumza na sheikh na msimamizi wa mirathi kitambulike kama chako kabla ya kugawa, maana mali yako wewe sio mirathi ya marehemu. Tufanye wamekataa hilo, tufanye nyumba yote ni ya marehemu na wazazi wake walishatangulia mbele ya haki. Mke mwenye watoto anapata moja ya nane. Kinachobaki watoto wanagawana, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja. Tuseme nyumba ina thamani ya milioni 96, nimechagua namba inayogawanyika vizuri. Wewe milioni 12. Wanaume wawili, kila mmoja milioni 28. Wasichana wawili, kila mmoja milioni 14. Jumlisha uone kama haijafika 96.

Hiyo milioni 12 ni yako uolewe usiolewe, mjane kuolewa tena hakumfutii fungu lake kwa mume wa kwanza. Na mafungu ya watoto hakuna mume wa mama anayeyagusa, hana njia ya kuyafikia. Sasa mzee wetu wa reli anapata nini? Akikuoa leo hapati kitu, kwa sababu kifungu cha 58 cha ile Sheria ya Ndoa kinasema ndoa yenyewe haibadilishi mwenye mali. Wewe ukitangulia kabla yake, Mungu atuepushie, mume wa mke mwenye watoto anarithi robo ya alichoacha mkewe. Robo ya milioni 12 ni milioni 3. Kwenye nyumba ya milioni 96! Fungu moja kati ya mafungu 32. Ndo hilo linalofanya kijana wa watu ale chumbani kwake. Na hata hilo, ukitaka kuwapa wanao sehemu yako kwa hiba, yaani zawadi, ukiwa hai una uhuru, na yeye akitaka kuwasamehe robo yake baadae ana uhuru. Kumbuka pia na wewe utarithi kwake, moja ya nane akiwa na watoto, kwa hiyo huenda kuna grupu jingine la WhatsApp huko Muheza linakujadili wewe unataka michungwa. Umeshakutana na watoto wake? Barua yako haijasema hata kama anao. Hilo nenda kalijue wiki hii.

Kwa hiyo fanyeni mirathi kwanza. Mtateua msimamizi, mtakwenda Mahakama ya Mwanzo athibitishwe, mgawanye kwa maandishi, na mkiamua nyumba isiuzwe basi iandikwe nani ana fungu gani. Halafu mzee asihamie humo. Najua kliniki ipo karibu, najua jiko lako ulilizoea, lakini Mwalimu, hebu jiweke kwenye miguu ya yule kijana mdogo. Picha ya baba yake si bado ipo ukutani ukumbini? Asubuhi atoke chumbani amkute mwanaume mwingine kakaa kiti kilekile anakunywa chai. Hata mi ningekula chumbani. Mzee ana pensheni, wewe una pensheni, tafuteni vyumba viwili vizuri Chumbageni au popote penye gari la karibu la kliniki, muanze na vyombo vyenu wenyewe. Muheza nako sio mbali, kuna siku mtakwenda kuangalia shamba mkalala huko.

Hili la "mkae kama marafiki tu" limenichekesha na limeniudhi. Achilia mbali dini, maana hilo unalijua. Mkubwa anadhani analinda nyumba, kumbe hiyo Sheria ya Ndoa ina kifungu cha 160, watu wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi wakajulikana mtaani kama mume na mke, sheria inaanza kuwachukulia kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vingine. Sasa huyo kijana anataka mama yake akose cheti, apate maneno ya watu, na kesi ya kubishania mbeleni ibaki palepale. Fungeni ndoa, ichukuliwe cheti, cheti muwe nacho siku mmoja wenu yupo wodini na nesi anauliza wewe ni nani yake.

Na la dada wa kazi, dada wa kazi saa tatu usiku kalala. Lakini hata bila ndoa hebu weka glukosi au sukari pembeni ya kitanda, na mfundishe huyo mkwe wako dalili. Sindano bila chakula usirudie tena, kisomo kitakusubiri.

Sasa nakugombeza. Miaka miwili, Mwalimu. Miaka miwili ya machungwa, na wanao wamesikia barabarani. Posa imefika Pangani kabla haijafika kwa mtoto unayelala nae nyumba moja. Haya umeona haya, nakuelewa, lakini wao wameona wamefanywa wajinga, na ile hasira ya kwenye grupu nusu yake ni hiyo. Usiwajibu kwenye grupu. Grupu kila mtu anaandika ili mwenzie asome. Mpigie mmoja mmoja, na uanze na wa Arusha, aliyetoka kimya. Anayepiga kelele ya nyumba utampa hesabu yatakwisha, ila aliyenyamaza huyo anamlilia baba yake, na hajapata mtu wa kulia nae kwa sababu wenzie wanajadili hati. Mpigie usimtetee mzee, wala usimtaje, muulize tu anamkumbukaje baba. Kitinda mimba ndo wa mwisho, na huyo usimpigie, mpelekee chakula chumbani ukae kitandani kwake ule nae.

La wa Muscat kwamba mzee anatafuta nesi, neno lake ni kali lakini usilitupe lote. Wapo wazee wa hivyo, anaoa mwezi wa kwanza, mwezi wa pili unamfulia, unampikia, unamsugua mgongo, na wewe mwenyewe goti linauma. Wako mpaka sasa nimeona kamenya yeye, kaja yeye asubuhi, kakaa kwenye simu yeye, hesabu inaegemea kwake. Ila muulizane kwa mdomo nani atapika, nani atalipa pango, mmoja akilala kitandani miezi sita itakuwaje, watoto wa nani watakuja. Mwache kaka yako aende Muheza akae msikitini kwake ijumaa mbili tatu asikilize watu, ajue kama ana mke mwingine, kama anadaiwa, kama hiki kishamba ni chake kweli. Hata mwali tunamfanyia hivyo. Na wote wawili mkapime virusi pamoja kabla ya ndoa. Mi najua utashtuka, mtu wa miaka 64, lakini virusi haviulizi umri, na hapo kliniki mnakwenda kila mwezi mkono mshautoboa mara mia.

Haya sasa lile ulilomnyang'anya mkwe simu. Sogea karibu. Zamani ungekuwa na somo wako angekuita chumbani akafunga mlango, leo somo ni mimi.

Kitu kipo, Mwalimu. Si wahenga walisema ng'ombe hazeeki maini? Ila hakitakuja mbio kama zamani. Mwanamke hedhi ikishakata ukavu unakuja, na sukari inauongeza, kwa hiyo kama utaumia sio kwamba umeisha, ni kwamba umekauka. Vilainishi vya maji vipo famasi, unamwambia muuzaji kwa sauti ya kawaida tu kama unaomba panadol, yeye hata hakuangalii. Ukiona kuwashwa au uchafu usio wa kawaida nenda hospitali, wenye sukari fangasi zinawapenda. Na mzee nae usishangae kama kuna siku gari haliwaki, sukari inawafanyia hivyo wanaume wengi na inawatia aibu wanakuwa wakali. Asinunue unga wa kuzungushwa mitaani wala vidonge vya kificho, hasa kama anatumia dawa za moyo au presha, amwambie daktari wake, ameshazoea kuulizwa. Na kuna usiku mtalala tu mmeshikana mikono mkisikiliza mvua inavyopiga bati, na huo nao ni usiku wenu. Usijipe mtihani wiki ya kwanza.

Bado mahari. Hujaniandikia kama ameuliza lakini atauliza, na nakujua walimu, utasema "ah mi mtu mzima bwana, msahafu unatosha". Msahafu utaje, sawa, halafu taja na kingine, mahari ni haki yako sio ya kaka wala ya watoto, na uzee haukupunguzii bei. Mi ningekuwa wewe ningetaja michungwa 10. Mashina 10 ya shamba lake, uyachague mwenyewe kwa kutembea shambani, yaandikwe kwenye karatasi ya ndoa kuwa ni yako. Likizo ya shule unawapeleka wajukuu wote wanne wanne wachume, hata wale wa Muscat wakija, wataona mume wa bibi kaleta nini.

Na ikifika siku ya ndoa nitumie salamu, kama kuna gari la kuja Dar nitumie na chungwa. Mi sina sukari Mwalimu, langu nitumie zima.